Bwana Allan Cormack na Kigingi Kilichofichika



Muhula uliopita, katika somo la fizikia la Kidato cha Tatu, mwanafunzi mmoja aliniuliza kama picha ya mashine ya hospitali yaweza kusema uongo. Kengele ikalia kabla sijamjibu, nami nikaahidi kwamba jibu nitaliandika katika gazeti letu, ili na wazazi wapate kulisoma. Leo natimiza ahadi yangu. Jibu nitalitoa kwa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja mwenye sifa kubwa, Bwana Allan Cormack, aliyezaliwa katika bara letu hili la Afrika, na ambaye alifariki zaidi ya miaka 25 iliyopita.

Lakini kwanza yanipasa kueleza kwa nini jambo hili limenigusa mimi mwenyewe. Mwaka juzi, wakati wa mvua, mama yangu mzazi aliteleza alipokuwa akirudi kutoka kisimani, na kichwa chake kikagonga jiwe. Siku ile aliinuka akacheka, akaenda zake kupika. Hata siku ya pili akaanza kuumwa kichwa sana na kusinzia mchana. Tulimchukua kwa gari kutoka huku kwetu Kumsenga, tukapita Kasulu, mpaka tukafika katika hospitali yenye mashine ya CT, ile ambayo watu wengi huiita siti skani.

Alipokwisha kupigwa picha, mtaalamu wa mionzi akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Nilishtuka. Mistari myeupe na myeusi ilitoka upande mmoja wa kichwa, ikatawanyika pande zote kama miale ya jua lichomozapo. Upande wa pili palikuwa na doa jeupe, dogo. Nilidhani kichwa kizima kimeharibika. Mtaalamu yule hakushtuka. Alinieleza kwa upole kwamba katika picha ile yamo mambo ya kweli na mambo ya uongo, na kwamba kazi yake ni kuyatenganisha. Mambo yalivyokwisha nitayaeleza mwishoni. Sasa na tumjue Bwana Cormack, maana yeye alilikuta jambo hili hili kabla mashine yenyewe haijakuwako duniani.

UTOTO NA MASOMO YAKE

Bwana Cormack alizaliwa mjini Johannesburg, Afrika Kusini, tarehe 23 Februari, 1924. Wazazi wake walitoka kaskazini ya Uskoti, wakahamia Afrika Kusini muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baba yake alikuwa mhandisi katika Idara ya Posta, na mama yake alikuwa mwalimu. Walizaa watoto watatu, na Allan alikuwa kitinda mimba. Mwaka 1936, alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifariki, na jamaa ile ikaenda kukaa Cape Town.

Huko alisoma katika shule ya wavulana ya Rondebosch. Alipenda fizikia na hesabu, lakini hakuwa mtu wa vitabu tu, kwani alipenda pia mijadala, tenisi na michezo ya kuigiza. Zaidi ya yote alipenda elimu ya nyota, akatamani iwe ndiyo kazi yake. Walakini aliona kwamba wapatao riziki kwa kutazama nyota ni wachache sana, basi alipoingia Chuo Kikuu cha Cape Town alishika uhandisi wa umeme. Baada ya miaka michache akaona moyo wake hauko huko, akahamia fizikia. Alipata digrii ya kwanza mwaka 1944, na ya pili mwaka 1945. Siku za mapumziko alikuwa akipanda milima.

Yafaa tukumbuke kwamba nchi ile ilikuwa ya ubaguzi wa rangi, na kijana Mwafrika mwenye akili kama zake hakufunguliwa milango ile ile. Jambo hilo halipunguzi kazi ya Bwana Cormack, ila latufanya tuwaze ni akili ngapi zilizopotea bila kujulikana.

Kutoka Cape Town alikwenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akafanya utafiti chini ya mwalimu mashuhuri Otto Frisch. Huko alikutana na binti wa Kimarekani, Barbara Seavey, aliyekuwa akisoma fizikia vile vile, wakapendana. Alitaka kuoa lakini hakuwa na fedha. Kwa hiyo aliandika barua kwa walimu wake wa zamani kuomba kazi, akaipata, na mwaka 1950 akarudi Cape Town kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Digrii ya udaktari hakuimaliza, wala hakuipata baadaye kwa masomo.

SIKU MOJA NA NUSU KATIKA JUMA

Mwaka 1956 mambo yalitokea ambayo hakuyatafuta. Katika hospitali ya Groote Schuur, ile ambayo mwaka 1967 ilipata sifa duniani kwa kumwekea mtu moyo wa mtu mwingine, mtaalamu wa fizikia aliacha kazi. Sheria ya nchi ilitaka vitu vitoavyo mionzi visitumiwe hospitalini bila kusimamiwa na mtu mwenye elimu hiyo. Katika mji ule wa Cape Town aliyekuwa na elimu ya kiini cha atomu alikuwa Bwana Cormack. Akaombwa asaidie, naye akakubali kwenda siku moja na nusu katika kila juma.

Chumba alichopewa kilikuwa katika idara ya kutibu saratani kwa mionzi. Akawaona madaktari wakipanga kiasi cha mionzi kwa kila mgonjwa. Walitumia majedwali yaliyochukulia kwamba mwili wa mtu ni kitu cha namna moja tu kutoka ngozi mpaka ndani. Jambo hilo lilimsumbua. Mwili wa mtu una mfupa, una nyama, una mapafu yaliyojaa hewa, na kila kimoja huzuia mionzi kwa kadiri yake. Daktari awezaje kupeleka kiasi sawasawa mahali asipopajua? Bwana Cormack akajiuliza kama yawezekana kupima kutoka nje, bila kisu, ili kujua kila mahali ndani ya mwili pazuia mionzi kiasi gani.

Picha ya eksirei ya kawaida haikutosha. Hiyo ni kama kivuli ukutani: watu wawili wakisimama mmoja nyuma ya mwingine mbele ya taa, utaona kivuli kimoja, wala huwezi kujua nani yuko mbele. Dawa yake ni kupima kutoka pande nyingi, kisha kupiga hesabu.

Ili vijana waelewe, na tuchukue vikombe vinne vilivyofunikwa, viwili juu na viwili chini. Ndani mna punje za maharage, lakini huruhusiwi kufunua. Unaambiwa jumla tu. Mstari wa juu una punje 5, na wa chini punje 9. Safu ya kushoto ina 6, na ya kulia 8. Je, kila kikombe kina ngapi? Jaribu 2 na 3 juu, 4 na 5 chini. Yafaa. Lakini jaribu tena 1 na 4 juu, 5 na 4 chini. Nayo yafaa! Basi pande mbili hazitoshi. Ukiambiwa kwamba pembe kwa pembe, toka juu kushoto hata chini kulia, ziko punje 7, ndipo utajua kwamba jibu la kwanza ndilo la kweli. Mashine ya CT hufanya hesabu ya namna hii hii, lakini vikombe vyake ni maelfu mengi, na pande zake ni mamia.

KIGINGI CHA FUNDI

Mwaka 1957 Bwana Cormack alifanya jaribio lake la kwanza kwa vifaa vya kawaida kabisa. Alitengenezewa kitu cha mviringo, katikati aluminiamu, na kuizunguka mti wa mwaloni. Upande mmoja aliweka kipande cha kobalti kitoacho mionzi, na upande wa pili chombo cha Geiger cha kuhesabia. Akakisogeza kitu kile kidogo kidogo, akahesabu mionzi iliyopenya, akaandika, kisha akapiga hesabu zake.

Majibu yalikuja vizuri. Mti ulionekana kuwa mti, na aluminiamu ikaonekana kuwa aluminiamu. Ila palikuwa na jambo moja. Katikati kabisa hesabu zilionyesha kwamba aluminiamu yazuia mionzi pungufu kidogo kuliko pembeni. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha alivyojua, kwa sababu chuma cha namna moja chapaswa kuwa sawa kila mahali.

Hapo ndipo mimi husimama kila mara nisomapo maisha yake. Mtu mwingine angesema hesabu imekosea, au chombo kimechoka, akaisawazisha ile sehemu iliyopungua ili karatasi yake ipendeze. Mtu mwingine tena angepiga kelele kwamba amevumbua jambo jipya juu ya aluminiamu. Bwana Cormack hakufanya hili wala lile. Alikwenda kumwuliza fundi wa karakana aliyekitengeneza. Ikaonekana kwamba fundi alikuwa ametia katikati kigingi cha aluminiamu ya namna nyingine kidogo, yenye kuzuia mionzi pungufu, na Bwana Cormack hakuwa na habari. Hesabu zilikuwa zimesema kweli tupu. Zilikiona kigingi ambacho macho hayakukiona.

KIMYA CHA MIAKA MINGI

Mwaka ule ule wa 1957 alihamia Marekani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Tufts, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1966 akawa raia wa nchi ile. Hesabu zake alizitangaza katika jarida la fizikia mwaka 1963 na 1964. Akangojea dunia iseme neno, lakini dunia ikanyamaza. Miongoni mwa maombi machache aliyoyapata, moja lilitoka kituo cha Uswisi cha kuchunguza maporomoko ya theluji milimani, ambao walitaka kujua kama hesabu hizo zaweza kupima theluji. Kompyuta za siku zile zilikuwa chache na za polepole, na madaktari hawakuona faida. Yeye hakulalamika, akaendelea na kazi yake ya kufundisha na utafiti mwingine. Baada ya miaka mingi akapata habari kwamba mwanahesabu wa Austria, Johann Radon, alikwisha kulifumbua fumbo lile kwa hesabu tangu mwaka 1917, lakini hakuna mganga aliyejua.

Huku nyuma, Uingereza, mhandisi mmoja jina lake Godfrey Hounsfield, wa kampuni ya EMI, alikuwa akilifikiria jambo hilo hilo bila kujua kazi ya Bwana Cormack. Chombo chake cha kwanza cha majaribio kilichukua siku 9 kupima kitu kimoja. Akaendelea kukitengeneza, na tarehe 1 Oktoba, 1971, mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo kwa mashine yake katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wote wawili, Bwana Cormack na Bwana Hounsfield, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, ijapokuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa daktari.

Bwana Cormack alifariki kwa saratani tarehe 7 Mei, 1998, katika mji wa Winchester, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 74. Mwaka 2002 serikali ya Afrika Kusini, iliyokwisha kuwa ya watu wote, ilimtunukia Nishani ya Mapungubwe ingawa alikuwa amekwisha kufa.

ALAMA ZA UONGO ZATOKA WAPI?

Sasa narudi kwenye swali la mwanafunzi wangu. Turudie vile vikombe vyetu vinne. Tuseme aliyehesabu pembe kwa pembe alikosea, akasema 8 badala ya 7. Ukipiga hesabu utapata punje 2 na nusu katika kila kikombe cha juu, 3 na nusu chini kushoto, na 5 na nusu chini kulia. Hakuna mtu aliyetia nusu punje! Tazameni: kosa lilikuwa moja tu, lakini vikombe vyote vinne vimeharibika. Ndiyo sababu kitu kidogo mahali pamoja huchora mistari katika picha nzima. Lakini mkihesabu pia pembe ile nyingine, mtapata 7, wala si 6 kama vikombe hivyo vya uongo vinavyotaka. Hapo uongo umefichuka.

Katika mashine ya kweli makosa hayo huja kwa njia nyingi. La kwanza ni mgonjwa kutikisika. Mashine hupima upande huu, kisha upande ule, na kichwa kikisogea kati ya vipimo, hesabu hazikubaliani, na picha huwa na mistari au mifupa miwili miwili.

La pili ni chuma, kama vile hereni, risasi, au jino lililozibwa. Chuma huzuia mionzi karibu yote, hata chombo cha kuhesabia hakipati cha kuhesabu, na miale hutoka pale ikaenea picha nzima.

La tatu ni mionzi yenyewe. Mionzi ya eksirei imechanganyika, dhaifu na yenye nguvu. Ikipita katika mfupa mnene, ile dhaifu huanguka njiani kama wakimbiaji dhaifu wanavyobaki mlimani, ikafika yenye nguvu tupu. Mashine hudhani mahali pale ni pepesi, ikachora kiza kati ya mifupa migumu ya karibu na masikio, mahali ambapo hapana ugonjwa. Bwana Cormack hakupata taabu hiyo, kwani mionzi ya kobalti karibu yote ina nguvu moja. Bwana Hounsfield aliipata, na katika mashine yake ya kwanza kichwa cha mgonjwa kilizungukwa na kisanduku cha maji ili tofauti za mionzi zipungue.

La nne ni chombo kimoja cha kuhesabia kupotoka. Katika mashine nyingi za siku hizi vyombo hivyo huzunguka pamoja na mionzi, basi kimoja kikikosea huchora pete katika picha. Kwa ajili hiyo wataalamu hupima mashine zao kwa chombo chenye maji. Maji yapaswa kusomeka sifuri, na hewa 1000 chini ya sifuri. Kipimo hicho kimepewa jina la Hounsfield.

MAMA YANGU

Mtaalamu yule aliyenionyesha picha ya mama alifanya kama Bwana Cormack alivyofanya kwa fundi. Alikwenda kuuliza. Akamwomba dada yangu afungue nywele za mama tena, na ndani ya msuko kikapatikana kibanio cha chuma ambacho sisi wenyewe tulikisahau. Kosa lilikuwa letu. Mama akapigwa picha mara ya pili, na ile miale yote ikatoweka.

Lakini lile doa jeupe upande wa pili halikutoweka. Damu iliyovuja karibuni huonekana nyeupe katika picha hizo, na doa lile lilikuwa damu kweli, ikiukandamiza ubongo. Tulipelekwa siku ile ile katika hospitali kubwa zaidi, akatibiwa na madaktari wa upasuaji. Leo mama yuko nyumbani, apalilia maharage yake na kunigombeza nikichelewa kumsalimu. Mara nyingi nawaza: kama wangeiamini picha yote, wangetafuta ugonjwa pale palipokuwa na kibanio. Na kama wangeikataa picha yote kwa sababu ya kibanio, mama yangu asingekuwako.

Wazazi wapenzi, ukipelekwa wewe au mtoto wako kwenye mashine hiyo, vueni hereni, mikufu, vibanio na meno ya kutoa, tena lala kimya kama unavyoambiwa. Mwanamke mwenye mimba aseme mapema. Wala tusidai picha hiyo bila daktari kuiona haja yake, kwa kuwa hutumia mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida. Katika nchi yetu iko Tume ya Nguvu za Atomu, ambayo kazi yake kwa sheria ni kusimamia matumizi salama ya mionzi.

Nawe mwanafunzi uliyeniuliza, jibu lako ni hili. Ndiyo, picha yaweza kusema uongo, na mara nyingine jambo tudhanilo kuwa uongo wa picha ndilo kweli ambayo hatukuijua. Ukiona katika jaribio lako maabara hesabu moja isiyolingana na wenzake, usiifute upesi ili upate alama. Iandike kama ilivyo, kisha nenda ukamwulize fundi.

Mimi mwalimu wenu wa fizikia,
Kumsenga.